Mume wangu kapimwa kila kitu, wanasema chanzo cha kiharusi hakijulikani. Ndo basi?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 46, havuti sigara, hana presha wala sukari. Miezi miwili iliyopita aliamka asubuhi mkono wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki. Hospitali wakasema ni kiharusi cha mshipa kuziba. Kapigwa CT ya kichwa, kapimwa mafuta, ECG, eko ya moyo na dopla ya shingo, vyote wanasema viko sawa. Kwenye karatasi ya kutoka wameandika chanzo hakijulikani, kapewa aspirini na dawa ya kolestro basi. Mkono umerudi karibu wote ila sasa anaogopa kulala. Kaka yake anasema tudai dawa kali ya kuyeyusha damu. Je kuna kitu wanatuficha? Kitarudi? Na hiyo aspirini inatosha kweli?"

Marahaba dada, na poleni sana nyote wawili.

Nianze na hilo la kufichwa maana naona ndo linakuuma zaidi. Hapana, hamjafichwa. Kati ya watu wanne wanaopata kiharusi cha mshipa kuziba, mmoja hivi anaondoka hospitali bila chanzo kujulikana, na hii inatokea hata kwenye hospitali zenye kila mashine unayoijua wewe. Madaktari wana jina lake kabisa, kiharusi kriptojeniki. Nazungumzia cha kuziba tu hapa, kile cha mshipa kupasuka na damu kuvuja ni habari nyingine na CT ya siku ya kwanza ingeshasema.

Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine. Hiyo karatasi inasema hakijulikani lakini haisemi walitafuta mpaka wapi. Tangu mwaka 1993 sisi tunagawa viharusi vya kuziba kwa mpangilio unaoitwa TOAST, makundi matano: mshipa mkubwa wenye mafuta, donge lililotoka moyoni, mshipa mdogo wa ndani ya ubongo, sababu nyingine iliyothibitishwa, na la tano ndo hili la "haijulikani". Shida ni kwamba hilo kundi la tano limebeba watu wa aina tatu tofauti kabisa. Kuna yule aliyekutwa na sababu mbili kwa pamoja, mfano mshipa wa shingo umebanwa na moyo nao una shida, halafu haijulikani ipi ndo iliyofanya kazi. Kuna yule aliyepimwa mpaka mwisho na kweli hakuna kilichoonekana. Na kuna yule ambaye vipimo vyake havijakamilika. Wote watatu wanaandikiwa neno moja, wote watatu wanaenda nyumbani na hofu ileile, wakati hatua zao zinazofuata hazifanani hata kidogo.

Kwa orodha uliyonipa, shemeji, yaani mume wako, yuko kwenye aina hiyo ya tatu, vipimo havijakamilika. Simlaumu daktari wenu, hivyo ndo vipimo vya mwanzo na vinafanywa vizuri tu, ila kwa mtu wa miaka 46 asiye na presha wala sukari, hapo ndo utafutaji unaanza, haujaisha.

Sasa twende kwenye picha ya kichwa, maana ndo inayotuongoza kwingine kote. CT ya haraka kazi yake kubwa ni kuhakikisha hakuna damu iliyovuja, kiharusi kidogo au cha masaa machache inaweza isikione kabisa. MRI ndo inaonyesha umbo lake. Na umbo linasema mengi. Kama ni kidoa kidogo kilichojificha ndani kabisa ya ubongo, chini ya sentimita moja na nusu hivi kwenye CT au mbili kwenye MRI, mara nyingi ni mshipa mdogo umechakaa, na hapo tunarudi kuikagua presha na sukari upya. Kama ni eneo la juu kwenye gamba la ubongo, au vidoa kadhaa kwenye maeneo yanayolishwa na mishipa tofauti, basi kuna donge limesafiri kutoka mahali likaja kukwama, na swali linakuwa limetoka wapi. Hii ya pili ndo watafiti waliipa jina mwaka 2014, ESUS, yaani kiharusi cha donge lililosafiri ambalo chimbuko lake halijaonekana.

Hapo kuna kitu ningependa umuulize mwenyewe shemeji, na wewe uliyekuwepo ukumbuke. Ile asubuhi, maneno yalikuwa "hayatoki" kivipi? Alikuwa anayajua maneno ila ulimi mzito, anaongea kama mdomo umejaa, au alikuwa anatafuta neno halipati, anaita kitu kwa jina silo, hata kuelewa unachomwambia inakuwa shida? La kwanza linaweza kutokea hata kwa kidoa kidogo cha ndani. La pili linaelekeza zaidi kwenye gamba la ubongo upande wa kushoto, na upande huohuo ndo unaoendesha mkono wa kulia. Ukimwambia daktari hilo tu unakuwa umemsaidia kuliko kurudia mara kumi kwamba "alishindwa kuongea".

Haya, tuseme ni donge. Limetoka wapi?

Mtuhumiwa wa kwanza kila mtu anamjua, moyo unaodunda bila mpangilio, atria fibrilesheni, kwa kifupi AF. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukaza, damu inatuama humo, inaganda, kipande kinachomoka kinapanda kichwani. Ubaya wake ni kwamba kwa watu wengi inakuja na kuondoka, masaa mawili leo halafu kimya mwezi mzima, na mtu hasikii chochote. ECG ya kawaida, kile kipimo cha mapigo ya moyo, inarekodi kama sekunde 10. Sekunde kumi! Sasa kusema ECG iko sawa maana yake ni kwamba hizo sekunde kumi moyo ulikuwa sawa, basi.

Ndo maana kuna vipimo vya kuvaa au kuwekewa. Mwaka 2014 zilitoka tafiti mbili zilizobadilisha mambo. Moja inaitwa EMBRACE, waliwavalisha wagonjwa wa miaka 55 kwenda juu, waliokuwa na kiharusi cha namna hii, mkanda wa kurekodi moyo kwa siku 30, AF ikaonekana kwa asilimia 16 hivi, wakati wale waliorekodiwa masaa 24 tu ilionekana kwa asilimia 3. Nyingine CRYSTAL AF, hawa waliwawekea watu kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua kinachokaa muda mrefu. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wameikuta kwa asilimia 12 dhidi ya 2 wa ufuatiliaji wa kawaida, na baada ya miaka mitatu asilimia 30 dhidi ya 3. Yaani ukitafuta kwa muda mrefu unaikuta.

Ila usikimbilie kusema basi ndo hicho. AF inaongezeka sana na umri, na kwa miaka 46, kama eko inaonyesha vyumba vya juu vya moyo havijatanuka, uwezekano uko chini kuliko kwa mzee wa 70. Halafu kuna jambo linalobishaniwa mpaka leo: ukiikuta AF ya dakika chache miaka miwili baada ya kiharusi, hiyo ndo iliyosababisha au umekutana nayo tu njiani? Maoni yangu, kwa shemeji ningetaka angalau kipimo cha kuvaa cha wiki mbili mpaka nne, kile cha chini ya ngozi ningekiweka pembeni mpaka mengine yaishe. Saa za mkononi zinazosoma mapigo sio mbaya, zinaweza kushtua mtu, ila zikilia lazima ECG halisi ithibitishe kabla hajameza dawa yoyote.

Mtuhumiwa wa pili, na kwa umri wa mume wako mimi ndo ningemfuata kwanza, ni kitundu cha katikati ya vyumba vya juu vya moyo. Kinaitwa PFO. Mtoto akiwa tumboni anakihitaji maana mapafu hayafanyi kazi bado, damu inapita hapo kukatisha njia. Akizaliwa kinajifunga. Kwa mtu mmoja kati ya wanne hakijifungi sawasawa, kinabaki kama mlango ulioegeshwa bila komeo, na wengi wanaishi nacho mpaka uzee hawana habari. Tatizo linakuja pale donge dogo linalotoka kwenye mishipa ya miguu, ambalo lilipaswa kwenda kuchujwa kwenye mapafu, linapata mwanya wa kuvuka upande wa pili, hasa mtu akijikamua chooni, akikohoa sana au akinyanyua mzigo, na likishavuka njia ya kwenda kichwani iko wazi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Eko ya kawaida, ile ya kupaka jeli na kupitisha mashine kifuani, inaweza isikione hicho kitundu. Kinachotakiwa ni eko ya mapovu: wanachanganya maji ya chumvi na hewa kidogo sana, wanachoma kwenye mshipa wa mkono, wanamwambia mgonjwa ajikamue kisha aachie, wanaangalia kama mapovu yanavuka. Wakitaka uhakika zaidi wanafanya ile ya kumeza mpira wenye kifaa cha eko kupitia kooni. Kwa hiyo ukiambiwa eko iko sawa, uliza: ilikuwa ya mapovu? Swali fupi tu hilo.

Na kukiona sio mwisho, maana nimesema robo ya watu wanacho, kwa hiyo unaweza kukikuta na kisiwe na hatia. Kuna alama tunazopiga zinaitwa RoPE, kuanzia 0 mpaka 10, kadri zinavyokuwa nyingi ndivyo kitundu kinavyozidi kushukiwa. Tumpigie shemeji: hana presha, moja. Hana sukari, moja. Hajawahi kiharusi kabla, nachukulia hivyo, moja. Havuti, moja. Umri wa 40 hadi 49, tatu. Hizo ni saba. MRI ikionyesha kiharusi kiko kwenye gamba, inaongezeka moja, zinakuwa nane. Kwa alama saba, kitundu kikikutwa, makadirio ni asilimia 72 kwamba kinahusika, kwa nane ni 84. Umeona kwa nini nimeng'ang'ania mapovu na MRI? Kwa mtu wa miaka 68 mwenye presha na sukari nisingeng'ang'ania hivi, alama zake zinakuwa chache na kitundu kikikutwa kinaachwa tu.

Kitundu kikionekana kinahusika kinaweza kuzibwa, na kuziba kunafanywa kwa kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja, hakuna kupasua kifua. Uchambuzi uliounganisha majaribio sita, watu 3,740, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha waliozibwa walipata kiharusi kingine kwa asilimia 0.47 kwa mwaka na wasiozibwa, wanaomeza dawa tu, asilimia 1.09. Faida ipo, na kubwa zaidi kwa wenye kitundu kipana au ukuta wa katikati unaopepea, umri usiozidi 60. Wapo wachache wanaopata AF baada ya kuzibwa, mara nyingi wiki za mwanzo na inapita. Angalia pia hizo namba zenyewe, hata wasiozibwa ni mtu mmoja kwa mia kwa mwaka. Kwa hiyo kikikutwa kitundu msikimbizane usiku, kaeni na daktari wa ubongo na wa moyo kwa pamoja muamue.

Kabla sijasahau, kama kabla ya kiharusi alikuwa amesafiri masaa mengi amekaa, au mguu mmoja ulivimba na kuuma, au alikuwa amelala kitandani siku kadhaa kwa ugonjwa mwingine, sema. Watu hawasemi mguu kwa sababu wanaona wameenda kwa ajili ya kichwa.

Mishipa. Dopla ya shingo, ile picha ya mawimbi ya sauti, inaona vizuri mishipa miwili ya mbele ya shingo, haioni vizuri ile ya nyuma na haikuambii kitu kuhusu mishipa ya ndani ya fuvu wala pale mshipa mkuu unapotoka moyoni na kupinda. Kinachotakiwa ni CT au MRI ya mishipa yenyewe, kuanzia kifuani mpaka kichwani. Kwa vijana na watu wa makamo tunatafuta hasa mshipa uliochanika ukuta wa ndani, ambao unaweza kutokea baada ya shingo kukunjwa vibaya, ajali ndogo, au bila sababu yoyote inayokumbukwa, na mara nyingi mtu alikuwa na maumivu ya shingo au ya kichwa upande mmoja siku chache kabla. Muulize. Kuna pia kikunjo kidogo kinachojitokeza ndani ya mshipa wa shingo, damu inazunguka hapo na kuganda, dopla inakipita bila kukiona. Na kuna mafuta yaliyobana mshipa chini ya asilimia 50, ambayo kwenye ripoti wanaandika "hakuna kubanwa kwa maana", kumbe donda la mafuta linaweza kuwa dogo na bado likapasuka na kutupa vipande. Nadhani hili la mwisho linahusika mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Damu na magonjwa mengine nitapita haraka. Vipimo vya antifosfolipidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inafanya damu igande, kwa umri wake vina maana, ila vikitoka na tatizo lazima virudiwe baada ya wiki 12 ndo viaminike, na dawa yake inakuwa warfarini, ya kuzuia damu kuganda. VVU na kaswende vipimwe, sio kwa kumshuku mtu bali kwa sababu vyote viwili vinaweza kuharibu mishipa ya ubongo na vina tiba. Homa zisizoeleweka na kutoka jasho usiku zinatufanya tufikirie vijidudu kwenye vali za moyo. Kupungua uzito bila kutaka, na viharusi kwenye maeneo mengi kwa mpigo, vinatufanya tutafute saratani iliyojificha. Dawa za kulevya za kuchangamsha, kokeini na jamii yake, aulizwe akiwa peke yake, samahani dada lakini ndo utaratibu. Ile orodha ndefu ya vipimo vya kurithi vya kuganda kwa damu ambayo maabara zinapenda kuuza, vingi vinahusu damu kuganda kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, sio kwenye ateri zinazoipeleka kichwani, msitumie hela zenu huko kabla ya MRI na mapovu.

Sasa la kaka yake, dawa kali. Naelewa kabisa mawazo yake na nikwambie ukweli hata sisi madaktari tuliwaza vilevile. Tulisema kama ni donge limesafiri na pengine AF imejificha, si tuwape wote dawa kali za kuzuia kuganda tusubirie nini? Wakafanya majaribio makubwa. NAVIGATE ESUS, watu zaidi ya 7,000, walilinganisha rivaroksabani na aspirini, matokeo yakatoka 2018: viharusi vya kuziba vilirudi sawasawa pande zote mbili, asilimia 4.7 kwa mwaka, ila kuvuja damu kwa hatari kulikuwa 1.8 kwa waliopewa dawa kali na 0.7 kwa wa aspirini. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Mwaka uliofuata RE-SPECT ESUS, dabigatrani, watu zaidi ya 5,000, nayo haikuishinda aspirini. Wakasema labda tuchague wale tu ambao vyumba vya juu vya moyo vina dalili za kuchoka, ndo ARCADIA hiyo, apiksabani, matokeo 2024: asilimia 4.4 kwa 4.4. Sare kabisa.

Kwa hiyo mwambie shemeji yako mkubwa kwa heshima kwamba wazo lake limeshajaribiwa kwa maelfu ya watu na halikufanya kazi. Dawa kali ni nzuri sana pale chanzo kinapojulikana kuwa kinaihitaji, AF ikikutwa leo inabadilishwa kesho. Kuimeza kwa kubahatisha ni kununua hatari ya kuvuja damu bila kupata faida.

Na aspirini? Inapunguza matukio ya namna hii kwa karibu moja ya tano, sio muujiza, lakini haifanyi kazi peke yake. Ile dawa ya kolestro asiiache hata kama kolestro "iko sawa", maana kazi yake ni pamoja na kutuliza hayo mafuta madogo niliyosema. Kuna wanaopewa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya aina hiyo, hiyo ni kwa kiharusi kidogo na inaanzwa siku ya kwanza, inaenda wiki tatu hivi halafu inabaki moja, kwa miezi miwili iliyopita dirisha hilo limeshapita na kuziunganisha sasa kwa muda mrefu kunaongeza tu kuvuja damu. Vidonge vya kusafisha mishipa vinavyotangazwa mitandaoni achaneni navyo, vingine vinagongana na dawa.

Umesema hana presha. Ilipimwa lini, na mara ngapi? Nunueni mashine ya mkononi, ile ya kuvaa juu ya kiwiko, apime asubuhi na jioni wiki nzima akiwa ametulia, andikeni. Tunataka chini ya 130 kwa 80. Nimeona wengi "wasio na presha" ambao nyumbani usiku inapanda, na presha ndo kitu kimoja kinacholeta viharusi vingi kuliko vyote duniani, kijulikane chanzo kisijulikane.

Kingine, anakoroma? Yaani anakoroma halafu ananyamaza kidogo kama pumzi imekata kisha anashtuka na kuvuta hewa? Zaidi ya nusu ya watu waliopata kiharusi wana tatizo hili la pumzi kukatika usingizini na wengi hawajagunduliwa. Linapandisha presha na linaendana na AF. Mashine ya kusukuma hewa usiku haijathibitika kuzuia kiharusi chenyewe, ila inashusha presha na mtu anaamka ana akili. Wewe unayelala naye ndo shahidi wetu, yeye hawezi kujua.

Hapo tunafika kwenye kuogopa kulala. Mwambie hivi: kiharusi kimoja kati ya vitano hivi mtu anaamka nacho, na sababu kubwa ni kwamba tunatumia theluthi ya maisha yetu tumelala, na pia masaa ya alfajiri presha na damu vinabadilika. Usingizi haukumletea kiharusi. Kukaa macho hakumlindi, kunamwumiza, mtu asiyelala presha inapanda. Hofu hii naiona zaidi kwa wagonjwa wa kundi hili, maana anayeambiwa ni presha anajua adui yake ni nani, huyu hana wa kumlaumu, kila mkono ukifa ganzi anadhani ndo hicho kimerudi. Karibu theluthi ya watu wanapata sonona baada ya kiharusi na hofu kubwa nayo ni ya kawaida, vyote vinatibika kwa mazungumzo na dawa, na uchovu mzito usioelezeka nao upo na sio uvivu. Kama wiki nne zaidi bado halali, muombeni daktari msaada wa hilo peke yake, msilichanganye na mambo ya vipimo likapotea. Mazoezi ya kutembea kila siku yanasaidia mwili na hilo pia. Na tendo la ndoa, maana watu wanaona aibu kuuliza, hamna tatizo akiwa ametulia na presha iko sawa.

Kitarudi? Hizo asilimia 4 na 5 kwa mwaka nilizotaja zimetoka kwa watu ambao wastani wa umri wao ni miaka ya sitini na kitu, wengi wana presha na baadhi wana sukari. Mtu wa 46 asiye na vitu hivyo yuko chini ya hapo, na wale wa majaribio ya kitundu, ambao umri wao ni kama wake, mmeona ni kama mmoja kwa mia. Hatari kubwa zaidi ni wiki za mwanzo na ameshazivuka. Siwezi kukwambia sifuri.

Kwa hiyo nyumbani kila mtu, watoto pia, wajue: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kuharibika, au jicho kutoona ghafla, ni hospitali dakika hiyohiyo hata kama imeisha yenyewe baada ya dakika tano. Msimpe aspirini ya ziada njiani, hamjui kama safari hii ni kuziba au kuvuja. Angalieni saa, mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, hilo ndo swali la kwanza mtakaloulizwa kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge inatolewa ndani ya masaa manne na nusu, na kulivuta donge kwa mrija kwa baadhi ya watu kunawezekana mpaka masaa 24. Akiamka nacho tena msikate tamaa mkasema muda umeshapita, tangu 2018 tunajua MRI inaweza kuonyesha kama bado anafaa kupewa dawa.

Kliniki ijayo nenda naye, usimwache aende peke yake. Mwombe daktari aseme wazi kiharusi kilikuwa kwenye gamba au ndani, MRI lini, mishipa ya kichwa na shingo yote imeshaonekana au ni dopla tu, eko ya mapovu inafanyika wapi, na moyo utarekodiwa siku ngapi. Akikwambia kimojawapo hakihitajiki muulize kwa nini, anaweza kuwa na sababu nzuri ambayo mimi siioni kutoka hapa. Na mdai picha zenyewe, diski au mafaili, sio ripoti ya karatasi peke yake, maana daktari wa pili akisoma karatasi anasoma macho ya mwenzake, akiona picha anaona kichwa cha mume wako. Ukishazipata niandikie majibu ya MRI na mapovu, nikiwa na hayo mawili tunaweza kuongea vizuri zaidi kuhusu kitundu.